Mtoto anaharisha, mzee yuko juani kwenye korosho: maji tu yanatosha?

Mi ni nesi huku Mtwara, na maswali haya naulizwa kila wiki, kliniki na hata mtaani, kwaiyo nimeyaweka hapa.

Mtoto anaharisha tangu jana, nampa maji mengi, kwani hayatoshi?

Hayatoshi mama. Kinachotoka sio maji peke yake, yanatoka na madini, sodiamu na potasiamu, ndo hizo wanaita elektrolaiti, misuli na moyo vinazitegemea. Ukijaza maji matupu sodiamu iliyobaki kwenye damu inazidi kuzimuliwa, mtoto analegea, ikishuka sana anaweza kupata hata degedege. ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, ina chumvi na sukari pamoja kwa sababu ile sukari, yani glukosi, ndo inaifungulia chumvi njia kwenye utumbo mdogo, chumvi ikipita maji yanaifuata, na njia hiyo inafanya kazi hata mtu akiwa anaharisha.

Naichanganyaje?

Hapa naomba mnisikilize sana. Kuna dada alikuja na mwanae, anasema ORS anampa tangu juzi ila kiu haiishi, nikamwambia hebu nioneshe unavyofanya, akachukua kikombe cha chai akamwagia nusu pakiti. Chumvi ikizidi hivyo inavuta maji kutoka mwilini, mtoto anazidi kukauka na mama anajua anamtibu, iliniuma sana. Pakiti ya kawaida ni ya lita 1, unaimimina yote kwa mara moja kwenye maji lita 1, yani chupa mbili za nusu lita zilizojaa, maji yamechemka yakapoa. Soma pakiti lakini, maana zipo ndogo pia. Ikipita saa 24 mwaga, najua watu wa Newala na Tandahimba maji ni ya kuhangaikia na kumwaga kunauma, ila mwaga.

Chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika subiri dakika 10 afu uanze tena kijiko kijiko. Kunyonya aendelee, na ulizia vidonge vya zinki, vile vinatumika siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumeacha.

Pakiti hakuna na duka la dawa liko mbali?

Lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko visawazishwe kwa kisu, visiwe vya mlima. Onja kwanza, ikiwa na chumvi kuliko machozi mwaga uanze upya. Potasiamu hapo hamna, kwaiyo mpe na ndizi mbivu.

Madafu je? Huku yapo tele.

Dafu lina potasiamu nyingi ila sodiamu kidogo, liwe la kuongezea tu, lisichukue nafasi ya ORS. Mwenye shida ya figo asiliguse bila kuongea na daktari. Soda hapana, sukari ile nyingi inavuta maji kwenye utumbo na kuharisha kunazidi.

Baba anaokota korosho juani na ana ugonjwa wa moyo, namchanganyia ORS?

Usimchanganyie kwa kukisia. Mwenye moyo au figo maji na chumvi anapangiwa na daktari wake, na kama anameza dawa za kukojoza akianza kuharisha au kutapika apelekwe mapema, maana dawa inaendelea kumtoa maji. Wazima wanaoshinda shambani wanywe maji kidogo kidogo na wale chakula cha kawaida, mkojo ukiwa wa njano iliyokolea ujue umechelewa kunywa. Na uraka sio maji jamani, pombe inakukojoza.

Lini niende hospitali?

Macho yakizama, akilia bila machozi, ukifinya ngozi ya tumbo ikawa inarudi polepole, hajakojoa masaa 6, choo kina damu au kinatoka kama maji ya mchele, au anatapika kila unachompa. Njiani endelea kumpa ORS kijiko kijiko, ila akiwa amelegea hamezi vizuri usimnyweshe kitu, mkimbize tu.