Kuhama mtandao wa kijamii bila kuwaacha wafuasi

Tangu Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama kampuni ya simu na namba yake ileile. Mwenye M-Pesa anamtumia hela mwenye Airtel Money, mambo yanaisha. Kwenye mitandao mingi ya kijamii, ukiondoka unaondoka mikono mitupu. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilipofungwa Aprili 2019, vikundi vilivyoishi humo miaka kadhaa vililazimika kuanza upya kutafutana.

Mastodon, mtandao wa kijamii ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko wa Ujerumani, hauna mlango mmoja. Ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, kila moja na mwenyewe na masharti yake, zinazosikilizana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya ActivityPub iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Jina lako hufuatwa na jina la seva yako, kama anwani ya baruapepe. Hata chaneli iliyoko PeerTube, mtandao wa video unaotumia itifaki hiyohiyo, unaweza kuifuata ukiwa Mastodon.

Kwangu mimi, faida kubwa ni kuhama. Unafungua akaunti kwenye seva mpya, unaitaja ile ya zamani kwenye mipangilio, kisha unarudi kwenye ya zamani na kuthibitisha uhamisho kwa nywila. Wafuasi huhamishwa bila wao kubofya chochote. Machapisho ya zamani, hapana: yanabaki kulekule, na wengi hushtuka wakiwa wameshahama. Pakua nakala kwanza. Ukishahama, hutahama tena mpaka zipite siku 30.

Jumuiya pia hujichagulia jirani. Mwaka 2019 Gab, mtandao uliojulikana kwa kauli za chuki, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon, wasimamizi wa seva nyingi waliukatia mawasiliano. Hawakuhitaji kuomba ruhusa makao makuu, hayapo.

Lakini msimamizi wa seva naye ni binadamu. Ujumbe wa faragha haujafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, hivyo anaweza kuusoma akitaka. Namba ya siri ya benki usiiandike humo. Bili analipa yeye, na akichoka anazima. Seva zilizoorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon huahidi notisi ya miezi 3 kabla ya kufunga. Kabla ya kujiunga, soma ukurasa wa maelezo ya seva: nani anaisimamia, nani anailipia, nini kimekatazwa. Ukikuta patupu, tafuta nyingine.