Dumu la mawese usilinunue kwa macho

Kuna watu wa Dar wananipigia wanataka mawese ya Kigoma "yale mekundu kabisa", mi nawauliza kwanza, ya kula au ya sabuni? Wanacheka wanadhani nawatania, kumbe hapo ndo bei inapoachana.

Wekundu haukwambii kitu, hata mabovu ni mekundu. Kinachoharibu ni siku chikichi zilizokaa toka mkungu ukatwe mpaka ziingie kwenye pipa la kuchemshia. Mkungu mbichi unang'ang'ania matunda yake, kuyatoa ni shughuli, kwa hiyo watu wanauacha siku kadhaa ulegee wenyewe, na tunda likishachubuka kuna kimeng'enya humo ndani kinaanza kuvunja mafuta, asidi inapanda, na cha kukizima ni moto tu. Ukichelewa kuchemsha unapata mawese yanayokwaruza koo. Wa sabuni wanayabeba bila shida, maana asidi ikikutana na kostiki, ile soda ya kutengenezea sabuni, inageuka sabuni hiyohiyo.

(Mnaoniuliza mbegu: usiokote chikichi chini ya tenera, ule mchikichi chotara, ukapande. Tenera ni aina mbili za mchikichi, dura na pisifera, zimechanganywa, watoto wake wanarudi kwa mababu, karibu robo dura, robo pisifera ambayo mara nyingi haizai. Fuata miche kituo cha utafiti cha Kihinga, Kigoma.)

Sasa maji. Wengi wanategemea mzani, na mzani unawadanganya. Dumu la lita 20 la mawese safi lina kama kilo 18 na kidogo, mtu akitoa lita 2 za mafuta akajazia maji uzito unaongezeka gramu zisizofika hata 200, mzani wa sokoni utaionea wapi hiyo na madumu yenyewe hayalingani? Niliwahi kununua jioni pale Mwandiga, yameganda nusu, nikapakia, mteja wangu wa Tabora alivyoyayeyusha akakuta maji chini na ile hasara nililipa mimi.

Siku hizi nasubiri jua liyayeyushe, naacha dumu litulie, halafu nachukua kampira kembamba ka bomba, kale ka plastiki kanakoonyesha ndani, naziba juu kwa kidole gumba, nakashusha mpaka chini kabisa, naachia kidole, naziba tena, navuta. Maji yakiwepo unayaona yamekaa chini ya wekundu. Nikibaki na wasiwasi naweka kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto, yakipigapiga kelele na kurusha basi yana maji.

Ila sio kila mara ni wizi jamani. Mafuta yanaenguliwa juu ya maji yaliyochemka, inabidi yarudi motoni mpaka yanyamaze, na kuni ni hela. Mama mmoja ninayemchukulia upande wa Simbo anaanika makapi yake ndo anachochea nayo hiyo raundi ya pili, madumu yake nayalipia juu ya bei ya soko na mpira kwake siutumii tena.