Je, wajua kwa nini hoteli inayokulisha bila kikomo huweza kuwa nafuu?

Familia ya watu watano inakaa hotelini wiki nzima ng'ambo. Inakula mara tatu kwa siku, watoto wanakimbilia aiskrimu kila wakitoka majini, soda hazihesabiwi, na bado gharama yote, nauli ya ndege ikiwemo, inakaribia ile ambayo familia hiyo ingetumia kupanga nyumba ya likizo na kujipikia. Inawezekanaje? Na je, nafuu hiyo ni ya kila mtu? Swali la kwanza lina jibu la kibiashara. La pili jibu lake ni hapana, na ndilo linalomsaidia mzazi kuchagua.

Tuchukue mfano wa Antalya, kusini mwa Uturuki, kwa sababu huko mtindo huu umekomaa. Mwaka 2023 mkoa huo ulipokea zaidi ya wageni milioni 15 kutoka nje ya nchi, na hoteli zake nyingi za ufukweni huuza malazi, chakula na vinywaji kwa bei moja. Kwa Waswahili wanaoishi Ulaya, kuna jambo jingine: chakula cha halali si cha kutafuta kwa tochi, na msikiti hauko mbali.

Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1950, Mbelgiji Gérard Blitz alianzisha Club Med kwa kambi ya mahema huko Alcúdia, katika kisiwa cha Majorca. Mgeni alilipa mara moja tu, akala na kucheza bila kutoa pesa mfukoni. Vinywaji vya baa, hata hivyo, baadaye vililipiwa kwa shanga ambazo wageni walizinunua na kuzivaa. Bangili ya plastiki tunayofungwa leo mapokezi, ile waliyoizoea pia wenzetu wanaofanya kazi katika hoteli za Diani na Watamu, ilikuja wakati baa nayo imeshaingizwa kwenye bei.

Sasa, hoteli inapata wapi faida? Kwanza kwenye kitanda. Chumba kilicholala tupu usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Hasara yake imeshapita. Kwa hiyo mwenye hoteli yuko tayari kuyauzia makampuni makubwa ya safari mamia ya vyumba kwa pamoja, miezi mingi kabla ya msimu, kwa bei ambayo wewe ukienda peke yako huipati. Kampuni nayo ina ndege ya kujaza, kwenda na kurudi. Kiti kitupu hewani ni sawa na kitanda kitupu. Ndiyo maana kifurushi cha ndege na hoteli mara nyingine huwa nafuu kuliko ukivinunua kimojakimoja.

Faida ya pili iko jikoni. Mkahawa wa mjini haujui leo watakuja watu kumi au mia. Jiko la hoteli ya namna hii linajua idadi ya walaji tangu jana yake, na linanunua kwa shehena. Ukisimama mlangoni mwa bufe utauona mpango wake. Meza za kwanza kufikiwa zina mikate, saladi, supu, wali, tambi na viazi, na hapo unajipakulia mwenyewe utakavyo. Nyama ya kuchoma na samaki viko mwisho wa ukumbi, na kisu amekishika mpishi. Anakukatia kipande, anakiweka kwenye sahani, anamtazama anayefuata. Hakuna aliyekukataza kurudi, lakini kuna foleni, na sahani yako imeshajaa wali. Vinywaji navyo hufuata mpango huohuo: bia na pombe kali za humohumo nchini, juisi ya mashine. Chungwa likikamuliwa mbele yako, katika hoteli nyingi unalilipia.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Hoteli haikutozi kwa kile unachokula wewe. Inapiga hesabu ya mgeni wa wastani, kisha inamtoza kila mtu wastani huo. Mwenye vijana watatu wa kiume wanaokula kama wametoka kulima amepata. Anayekunywa bia tangu saa tano asubuhi amepata zaidi. Na familia isiyogusa pombe kabisa, ambayo ndiyo hali ya nyumba nyingi za Waswahili, inachangia glasi za wengine. Silisemi hili kumkatisha mtu tamaa, bali naona watu wengi wanalipa mchango huo bila kujua.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, pigeni hesabu ya nyumba yenu. Kama hamnywi pombe, tazameni bei ya hoteli hiyohiyo kwa kifungua kinywa na chakula cha jioni tu. Ulizeni kama maji na soda mezani vinalipiwa, maana katika mpango huo mara nyingi vinalipiwa, na watoto wanne wenye kiu kwenye joto la nyuzi 35 si mchezo. Jumlisheni chakula cha mchana cha nje. Tofauti ikiwa ndogo, chukueni kila kitu na roho zitulie. Ikiwa kubwa, mmeshapata nauli ya mtoto mmoja. Kuna pia hoteli zisizouza pombe kabisa, hasa upande wa Alanya, zenye bwawa la wanawake peke yao. Nyingine bei yake iko juu kuliko za kawaida, kwa sababu ni chache na watu wanazigombea, ila angalau unacholipia ni kitu unachokitumia.

Zamani ningemwambia mtu ale nje, kwa kuwa Uturuki ilikuwa rahisi. Mambo yamebadilika. Oktoba 2022 mfumuko wa bei wa mwaka nchini humo ulifika asilimia 85, na bei za mikahawa ya maeneo ya watalii zimepanda hata kwa mwenye pauni au yuro. Bei uliyoikubali ukiwa nyumbani inakukinga na mshtuko huo. Kwa familia kubwa kinga hiyo ina thamani yake.

Baada ya chakula, tazama ramani. Matangazo husema "Antalya" kana kwamba ni mahali pamoja. Hoteli za Lara na Kundu ziko kama kilomita 15 hivi kutoka uwanja wa ndege. Belek ni kama 35, Side kama 65, na Alanya ni kilomita 125 hivi, saa mbili na zaidi kwa basi linaloshusha watu hoteli baada ya hoteli. Ndege ikitua saa nane za usiku, na mtoto wa miaka mitatu amelala begani, kilomita hizo mia za ziada ndizo zilizoifanya hoteli ya Alanya iwe rahisi.

Fukwe zenyewe hazifanani. Side na Belek ni mchanga, na maji ya Side huongezeka kina polepole, mtoto akacheza bila mama kushika moyo. Kemer na Konyaaltı ni kokoto. Bila viatu vya majini miguu inaumia. Alanya kuna mahali ambapo chini ya maji, pale pale ukingoni, ni mwamba wenye utelezi, na hoteli nyingi zimetengwa na bahari na barabara kuu, unavuka kwa njia ya chini ya ardhi. Wala si kasoro ya kumzuia mtu, ila ujue kabla, hasa kama mnakwenda na bibi anayetembea kwa shida. Jambo moja litawashangaza waliokulia Pwani: Bahari ya Kati haina maji kupwa na kujaa kama tunavyoyajua sisi. Hutaamka asubuhi ukute bahari imeondoka.

Na lini? Tofauti ya bei kati ya Agosti na miezi ya pembeni mara nyingi huwa kubwa. Wazazi walio Uingereza wamebanwa na shule: huko England, tangu Agosti 2024, kumtoa mtoto darasani bila ruhusa kunaweza kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikipanda hadi 160 mkichelewa kulipa. Wengi hukimbilia Pasaka wakidhani majira ya kuchipua yana joto. Maji ya Antalya mwezi Aprili ni kama nyuzi 17 au 18. Mtoto aliyezoea bahari ya Tanga, au hata ya Majorca mwezi wa nane, ataingia kifundo cha mguu na kutoka akilia. Lakini mwishoni mwa Oktoba, likizo fupi ya katikati ya muhula, bahari bado ina nyuzi 24 hivi. Maji hupoa taratibu. Joto la kiangazi chote limehifadhiwa humo. Hoteli wakati huo inataka kujaza vyumba vya mwisho kabla ya kufunga mlango mwezi Novemba. Mimi ningeuchagua wakati huo kuliko wowote, ingawa jioni zake zinataka sweta na siku moja mbili huenda ikanyesha.

Kuna mitego ya umri. Hoteli nyingi zinatangaza mtoto bure, ila masharti yako chini kwa maandishi madogo: mtoto wa kwanza tu, au mpaka miaka 11 na miezi yake. Kwenye ndege, mtoto aliye chini ya miaka miwili hukaa mapajani. Akitimiza miwili mkiwa huko huko, safari ya kurudi anahitaji kiti chake. Vyumba vingi havichukui zaidi ya watu wanne, kwa hiyo nyumba yenye watoto watano na shangazi inalipia vyumba viwili hata kama haikupanga. Usibofye "watoto wanne" kwenye mtandao ukaamini bei inayotokea. Piga simu, ulizia chumba cha familia chenye mlango wa ndani.

Nyota za hoteli msizitegemee sana. Hakuna kipimo kimoja cha dunia. Nyota tano za Uturuki hutolewa na wizara ya nchi hiyo, na hazilingani moja kwa moja na za Ugiriki au Hispania. Picha za wageni za msimu uliopita zinasema kweli zaidi kuliko nyota.

Pasipoti zinastahili jioni nzima mezani. Familia zetu nyingi zina baba wa pasipoti ya Tanzania, mama wa Uingereza na watoto waliozaliwa huko. Mwenye pasipoti ya Uingereza anaingia Uturuki kutalii bila viza, mradi pasipoti iwe na siku 150 mbele tangu siku ya kuingia. Ya mtoto wa Uingereza hudumu miaka mitano tu, na huisha huku wazazi wakitazama tarehe za zao. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki ana masharti yake ya viza, nayo yanaweza kutegemea kibali chake cha kuishi Ulaya. Yasomeni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki kabla ya kulipa hata senti.

Mwisho, pesa yenyewe iko salama kiasi gani? Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni kongwe ya safari, Thomas Cook, ilianguka, na Waingereza wapatao 150,000 wakakutwa ng'ambo. Mamlaka ya anga ya nchi yao ikawarudisha nyumbani. Juni 2024 ikawa zamu ya FTI ya Ujerumani, na waliokuwa wamenunua vifurushi wakarudishiwa fedha na mfuko maalumu. Aliyenunua kifurushi cha ndege na hoteli Uingereza anapaswa kupewa cheti cha ATOL, yaani hati ya kumlinda msafiri kampuni ikianguka, mara tu anapolipa, hata kama ni amana. Ujerumani hati hiyo huitwa Sicherungsschein. Ukinunua tiketi ya ndege huku na hoteli kule, kwa malipo mawili tofauti, kinga hiyo kwa kawaida huna. Kwa hiyo mkiona hoteli ileile kwa pauni 60 pungufu kwa muuzaji asiyekupa cheti, mwacheni apite.