Je, wajua kwa nini kukata kona moja huhamisha matundu ya bamba?

Chukua bamba la kufungia injini ya boti, kama la boti za uvuvi pale Deep Sea, Tanga: milimita 120 kwa 80, unene 10, matundu manne ya milimita 11 ili bolti za M10 (nene milimita 10) zipite bila kukaba. Umelijenga kwenye FreeCAD, programu ya kusanifu vipande kwenye kompyuta, limetulia. Kisha unarudi kwenye mchoro wa kwanza, unakata kona moja kwa mraba kupisha bomba la mafuta. Ghafla matundu yamehamia ubavuni, na hatua ya kulainisha kingo (kuziviringa) inaonyesha kosa.

Wengi hudhani faili limeharibika au kompyuta imezidiwa, wakafuta kazi yote. Sivyo. Kompyuta yenye nguvu maradufu ingetoa kosa lile lile, kwa haraka zaidi. Tatizo ni kuamini kwamba programu imetunza kipande cha chuma. Inachokifuata ni orodha ya hatua: chora mstatili, nyanyua milimita 10, toboa, lainisha kingo. Ukigusa ya kwanza, zote zinazoifuata hutekelezwa upya. Programu ya usanifu ya Pro/ENGINEER ilieneza mtindo huu tangu miaka ya 1980.

Sasa hatua ya kutoboa inajuaje pa kutoboa? Inakumbuka namba ya uso. Bamba la mstatili lina nyuso 6 na kingo 12. Uso wa juu, tuseme, ni namba 6. Ukishakata kona, nyuso ni 8 na kingo 18, na namba zinagawiwa upya. Namba 6 sasa ni ubavu. Ni kama kumwelekeza mgeni Ngamiani "nyumba ya sita toka kona": ikijengwa nyingine katikati, atabisha hodi kwa jirani, ilhali maelekezo ameyafuata vizuri kabisa. Ungemwambia "inayotazamana na msikiti", angefika.

FreeCAD 1.0, ya Novemba 2024, ilileta tiba: inafuatilia uso umetokana na mstari gani. Imepunguza sana tatizo, haijalimaliza.

Kwa hiyo mchoro wa matundu usiuweke juu ya uso wa bamba. Uweke kwenye bapa la msingi la XY, sakafu ya programu yenyewe, ambalo halihami. Nao mstatili wa bamba, ukichorwa tu, una mambo manne yaliyo huru: urefu, upana, na mahali ulipo kwa pande mbili. Yafunge yote kwa vipimo kutoka kitovu cha bapa mpaka mistari igeuke kijani. Unapotoboa, chagua tundu lipenye lote. Ukiandika kina cha 10 kisha unene ukawa 12, linabaki limezibwa kwa milimita 2. Lisipokata kitu, geuza uelekeo: linachimba chini ya bapa, ambako hakuna chuma.

Kulainisha kingo kuwe mwisho kabisa. Nusukipenyo cha 5 kwenye kingo za juu na za chini za bamba lenye unene wa 10 hukutana na kuumeza ubavu wote, na mara nyingi hatua hukataa. Weka 4.