Asiyelia pia anaweza kuwa na sonona

Wiki hii nimeambiwa tena: "Mimi sina sonona, mbona silii?" Siku iliyofuata akaja mwingine aliyegombana na mwenzake juzi, akalia usiku kucha, na tayari amejipa ugonjwa. Wote wawili wanadhani sonona ni huzuni iliyozidi.

Huzuni ni hisia. Huja kwa mawimbi, na katikati yake mtu bado anaweza kucheka. Msongo wa mawazo ni kuelemewa na mzigo, kama deni au mtihani, na mara nyingi mzigo ukitua nao hulegea. Sonona ni ugonjwa. DSM-5, mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa akili wa Marekani, unataka dalili zisizopungua 5 kati ya 9, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na ziwe zinamtesa mtu au zimevuruga maisha yake. Miongoni mwake lazima iwepo mojawapo ya hizi mbili: moyo mzito, au kukosa raha kwa yale uliyokuwa ukiyapenda. Hiyo ya pili peke yake inatosha kufungua mlango. Wagonjwa wangu wengi hawatamki neno huzuni kabisa. Husema "sisikii chochote", huamka wamechoka kuliko walivyolala, husoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa. Ndugu zao wanaona uvivu.

Halafu huanza "jikaze, toka nje kidogo, utasahau". Mgonjwa anajikaza, anashindwa, kisha anajichukia kwa kushindwa. Kujilaumu kupita kiasi ni mojawapo ya zile dalili 9, kwa hiyo mmemwongezea ugonjwa kwa nia njema! Nawasihi, acheni kuuliza "una nini?" Muulizeni analalaje, anakulaje, na lini mara ya mwisho alifurahia kitu. Akigusia kifo, muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, na akikubali, msimwache peke yake. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Neno jingine linaloeleweka vibaya ni skizofrenia. Ugonjwa huu wa akili si watu wawili ndani ya mwili mmoja. Eugen Bleuler, daktari wa akili wa Uswisi, aliunda jina hilo mwaka 1908 kutokana na maneno ya Kigiriki ya kupasuka na akili, akimaanisha fikra na hisia zilizoachana njia. Mgonjwa husikia sauti au hushikilia imani zisizo na msingi, lakini ni mtu yuleyule mmoja.

Na wazazi, uimarishaji hasi, neno la saikolojia ambalo nalo hukosewa, si adhabu. Hasi maana yake kuna kero imeondolewa, na tabia iliyoiondoa ikapata nguvu. Mtoto analia, unampa simu, kelele zinaisha. Tabia iliyoimarishwa kwa njia hiyo ni yako ya kutoa simu.