Mbao za msindano na samani za nyumbani: dhana potofu na ukweli wake

Mteja anayeingia yadi ya mbao jijini Dar es Salaam akitafuta mbao za kujitengenezea kabati, rafu au kitanda cha mtoto, mara nyingi huelekezwa upande wa mninga na mkongo, na akionyesha msindano huambiwa kwamba hizo ni mbao za kenchi, yaani za kubebea paa. Kauli hiyo imerudiwa mno hata ikawa kama kanuni. Mimi nimefanya kazi na msindano, ambao wengine huuita paini, kwa muda wa kutosha kuamini kwamba mti huo unabeba lawama zisizo zake, kwa kuwa kinachoharibu samani nyingi za msindano ni umri wa mti uliokatwa, unyevu uliobaki ndani ya ubao na mahali ubao ulipotoka kwenye gogo. Mambo hayo matatu mnunuzi anaweza kuyakagua mwenyewe kabla hajatoa fedha yake.

"Msindano ni mbao laini, kwa hiyo ni dhaifu"

Neno "laini" ndilo linalopotosha. Katika elimu ya misitu, mgawanyo wa mbao laini na mbao ngumu haukutokana na kupima ugumu wa ubao, bali na aina ya mti. Msindano na saiprasi, ambayo ni miti ya koni, huhesabiwa kuwa ya mbao laini. Miti ya majani mapana, kuanzia mpingo unaozama majini hadi balsa ambayo mtoto anaweza kuibonyeza kwa ukucha, yote huhesabiwa kuwa ya mbao ngumu.

Mfano mzuri uko Marekani, ambako watu wanaojitengenezea samani nyumbani hupenda mbao za popla, mti mrefu wa misitu ya mashariki ya nchi hiyo ambao jina lake la kitaalamu ni Liriodendron tulipifera na ambao kwa nasaba ni wa ukoo wa magnolia, wala si popla wa kweli. Kwa mgawanyo wa vitabuni popla ni mbao ngumu. Hata hivyo, katika kipimo cha Janka, kinachoangalia nguvu inayohitajika kuzamisha nusu ya gololi ya chuma ndani ya ubao, popla hupata pauni 540 hivi, ilhali msindano mmoja wa kusini mwa nchi hiyohiyo, ule wa majani marefu, hupata pauni 870. Pamoja na ulaini wake, mafundi wa huko hawaiachi popla: huitumia kwa droo, fremu na makabati ya kupaka rangi, kwa sababu hupigika randa vizuri na hukubali rangi.

Kazi hiyohiyo kwetu inaweza kufanywa na msindano. Aina inayopandwa zaidi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ni Pinus patula, mti wenye asili ya Meksiko, na shamba kubwa kuliko yote la serikali ni lile la Sao Hill wilayani Mufindi. Mbao zake zinabeba mapaa ya nyumba nyingi za nchi hii, na ni ajabu kwamba mtu anaweza kulala chini ya kenchi ya msindano kwa miaka 30 huku akiamini kwamba mbao hizohizo haziwezi kubeba sahani zake.

Ukweli ni kwamba rafu hulegea kwa sababu ya vipimo vyake zaidi kuliko kwa sababu ya mti wake. Kwa mzigo uleule, ukiongeza umbali kati ya tegemeo na tegemeo mara 2, rafu itabonyea mara 8 zaidi. Ukipunguza unene wa ubao kwa nusu, itabonyea mara 8 vilevile. Ubao wa inchi moja ambao randa imeuacha na milimita 20 utabeba vitabu bila shida ukiuwekea tegemeo kila baada ya sentimita 70 hivi, lakini ukiuacha uvuke mita moja na nusu bila tegemeo utainama, na hata ubao wa mti mzito zaidi wa unene huo utainama baada ya muda.

"Msindano lazima upinde"

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na malalamiko yenyewe ni ya kweli. Kosa liko kwenye sababu inayotajwa. Chukua ubao wa moja kwa nane, yaani wa unene wa inchi moja na upana wa inchi nane, uusimamishe, uangalie kichwa chake kilichokatwa. Utaona mistari ya pete za ukuaji. Ukiona pete ndogo kabisa zinazozunguka kitone cha kahawia katikati ya ubao, hicho ni kiini cha mti, na ubao huo umetoka katikati ya gogo, mahali ambapo mti uliweka mbao zake za miaka ya utotoni. Mbao za utotoni zina nyuzi zinazozunguka kama kamba iliyosokotwa, tena husinyaa kwa urefu zaidi kuliko mbao za mti uliokomaa, na ndiyo maana ubao wa namna hiyo hujisokota wenyewe hata ukiwa umelala kivulini bila kuguswa.

Mti ukikatwa ukiwa na miaka 8 au 10, kama wanavyofanya baadhi ya wakulima wadogo wanaobanwa na ada za shule au matibabu, karibu gogo zima huwa la mbao za utotoni. Simlaumu mkulima huyo, kwa kuwa mti ndio akiba yake. Mnunuzi, hata hivyo, anapaswa kujua kwamba pete pana sana, zenye nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine, ni dalili ya mti uliokua haraka na kukatwa mapema, na kwamba katika rundo hilohilo, kwa bei ileile, mara nyingi kuna mbao zenye pete zilizokaribiana na zisizo na kiini. Mwenye yadi mwema atakuruhusu kuchagua. Asiporuhusu, tafuta yadi nyingine.

Sababu ya pili ni maji. Msindano uliopasuliwa leo unaweza kuwa na maji yenye uzito unaolingana na wa mbao kavu yenyewe au zaidi, na ubao huo ukipandishwa lori Mafinga, mji ulioko huko Mufindi, na kushushwa Dar es Salaam siku chache baadaye, bado ni mbichi hata kama uso wake umekauka na vumbi la barabarani limeufanya uonekane wa zamani. Ubao hauanzi kusinyaa mpaka unyevu wake ushuke chini ya asilimia 30 hivi, na kuanzia hapo husinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao uwe kama bakuli, na upande unaogeuka kuwa shimo ni ule uliokuwa karibu na gome. Ubao wenye upana wa sentimita 20 unaweza kupoteza milimita 5 hadi 8 za upana wake kabla haujatulia. Ukiwa tayari umeupigilia misumari kwenye fremu, milimita hizo zitatafuta pa kutokea, na zitatokea kama ufa.

Dawa yake haihitaji tanuri la kukaushia. Zipange mbao chini ya paa penye upepo, weka vijiti vya unene mmoja kati ya tabaka na tabaka, kila kijiti juu ya mwenzake, kisha weka mawe au matofali juu ya rundo ili lisiinuke. Chagua ubao mmoja, uupime kwa mizani kila wiki na uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Wiki ya kwanza utashangaa jinsi namba zinavyoshuka. Uzito utakapokaa mahali pamoja kwa wiki tatu mfululizo, ubao umelingana na hewa ya mahali hapo na unaweza kuanza kazi. Wakazi wa pwani waache nafasi kidogo pembeni mwa kila droo, kwa kuwa msimu wa masika mbao hunywa unyevu na kutanuka tena, ziwe za msindano au za mninga.

Kuna dhana nyingine inayoambatana na hii, kwamba meza bora ni ile ya ubao mmoja mpana, na kwamba kuunga mbao nyembamba ni ishara ya umaskini. Ni kinyume chake. Mbao za upana wa sentimita 8 au 10, zikiungwa ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe na kubanwa vizuri, hutulia kuliko ubao mmoja wa sentimita 30, na kiungo cha namna hiyo kikivunjwa kwa nguvu, mara nyingi ni mbao inayochanika pembeni ya gundi. Gundi hiyohiyo ikipakwa kwenye kichwa cha ubao haishiki hivyo, kwa hiyo miguu na fremu zinahitaji ulimi na tundu au skrubu zilizotangulizwa na tundu la keekee.

"Ukiona madoa ya buluu, ubao umeoza"

Haujaoza. Madoa hayo huletwa na kuvu wanaokula sukari iliyobaki kwenye sehemu nyeupe ya nje ya mti pale mbao zinapochelewa kukauka, nao hawazili kuta za nyuzi, hivyo nguvu ya ubao haipungui kwa kiasi cha kukuzuia kuutumia. Kwa kazi itakayopakwa rangi ni mbao nzuri kabisa, tena unaweza kuomba punguzo. Ubao uliooza kweli hujulikana kwa bisibisi: ukichoma, inazama bila ukinzani, na kipande kinachotoka huvunjika kama biskuti badala ya kuchanika kwa nyuzi ndefu.

"Mchwa wanakula msindano, lakini mninga na mtiki hawaguswi"

Msindano usio na dawa haufai kugusa udongo, na katika hilo wasemao wana haki. Lakini sifa ya mninga na mtiki ni ya sehemu ya ndani iliyokomaa peke yake. Ile sehemu ya nje iliyopauka, ambayo siku hizi huachwa kwenye mbao nyingi kwa sababu miti mikubwa imepungua, huliwa kama mbao nyingine yoyote. Kuna hata bungua fulani, wale wanaoacha unga laini kama wa ngano, ambao hushambulia sehemu ya nje ya miti ya majani mapana yenye wanga na kuuacha msindano. Samani iliyo ndani ya nyumba hulindwa kwanza kwa miguu kuinuliwa juu ya sakafu yenye unyevu, mgongo wa kabati kuachwa mbali kidogo na ukuta, na njia za udongo za mchwa kubomolewa mara zinapoonekana.

Wasiwasi huo wa mchwa umewafanya watu wengi waamini kwamba mbao ya kijani, iliyotiwa dawa, ndiyo salama kwa kila kazi. Jambo hili linanisumbua kuliko mengine yote. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, ambayo ni sumu, na nchini Marekani dawa hiyo iliondolewa kwenye mbao nyingi za matumizi ya nyumbani kuanzia mwisho wa 2003. Kwa nguzo ya uzio ni dawa nzuri. Kwa ubao wa kukatia mboga, meza ya kulia au kitanda cha mtoto anayeota meno na kutafuna ukingo, haifai kabisa, na mabaki yake yasitiwe jikoni, kwa maana arseniki hubaki kwenye majivu na nyingine huenda na moshi. Isitoshe, rangi ya kijani si uthibitisho kwamba dawa imeingia: kata kipande cha kichwani, na kama ukijani ni wa unene wa karatasi tu, ubao ulichovywa na haukushindiliwa dawa kwa mtambo.

Oili chafu ya gari, ambayo wengine huipaka ili kuzuia mchwa, nayo haiingii ndani ya ubao, inanuka ndani ya nyumba kwa miezi, inazuia gundi na rangi kushika, na ina mabaki ya metali ambayo hayapaswi kuwa mahali pa kuwekea nguo au chakula.

"Msindano haupendezi, hata upake nini"

Anayesema hivi kwa kawaida amepaka rangi ya mti nyeusi-nyekundu juu ya msindano ili ufanane na mninga, akapata mabaka. Sehemu laini ya kila pete hunywa rangi nyingi na sehemu ngumu hunywa kidogo, hivyo picha ya nyuzi hugeuka kinyume. Piga msasa namba 120 kisha 180, paka mkono mmoja mwembamba wa sila, yaani kizibo cha vinyweleo vya mbao, uache ukauke, na ndipo upake rangi nyepesi ya asali au vanishi isiyo na rangi, kwa kuwa mwanga wenyewe utaufanya ubao uwe wa dhahabu baada ya miezi michache. Kwa kazi ya rangi nzito, funika kila fundo kwa shelaki, aina ya vanishi inayozuia ulimbo, mara mbili kabla ya kupaka rangi ya kwanza, maana ulimbo ulio ndani ya fundo huyeyuka kwa joto na kutokeza doa la njano juu ya rangi nyeupe. Fundo lenye ukingo mweusi wa gome kulizunguka huwa limekufa na litadondoka siku moja. Ligonge kwa nyundo ukiwa bado yadini, na likitikisika urudishe ubao huo kwenye rundo.