Geuza jani kabla hujashika bomba

Februari iliyopita jirani yangu wa Kigamboni aliniita nikamwangalizie nyanya zake. "Bwana shamba, hizi zina njaa," akaniambia. Majani yalikuwa yamepauka, yamejaa vidoa vya njano kama yamepigwa vumbi. Alishatia urea mara mbili, halafu akauziwa dawa ya wadudu, akapiga bomba tatu nzima. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Nilichuma jani, nikalipigapiga juu ya karatasi nyeupe. Vikadondoka vidoa vyekundu, vidogo kuliko chembe ya chumvi, na baada ya muda vidoa vikaanza kutembea. Utitiri mwekundu.

Kiangazi cha pwani, majira ya kaskazi kati ya Desemba na Machi, ndiyo sikukuu yake. Joto likifika nyuzi 30 na hewa ikiwa kavu, yai huchukua kama wiki moja au siku kumi tu kufikia utitiri anayetaga. Ana miguu minane, ni ndugu wa buibui, ndiyo maana dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Tena zile za jamii ya pairethroidi huwaua wale wanaomla, yeye akabaki anastarehe. Na urea? Jani lililoshiba naitrojeni humlisha vizuri, akataga zaidi. Jirani alikuwa anawafuga bila kujua.

Tulianza na maji. Kila asubuhi alfajiri alipiga mpira wa maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, maana huko ndiko wanakokaa na kufuma utando wao. Majani yaliyokauka tuliyachuma na kuyafukia mbali. Mnavu uliojiotea kandokando ya matuta tuliung'oa, kwa sababu ni wa ukoo mmoja na nyanya na huwahifadhi. Inauma kutupa mboga, lakini ule ulikuwa umeshalowa dawa, nisingemruhusu aule.

Baada ya hapo mwarobaini: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa kila lita ya maji, zilowe usiku kucha, uchuje kwa kitambaa, utie sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua huiharibu upesi. Salfa nayo huua utitiri, ila ukiipiga mchana wa Februari utaunguza mimea mwenyewe.

Kama majani yana vichirizi vyeupe vilivyotanuka kuwa mabaka, huo si utitiri tena. Huyo ni kantangaze, nondo aliyetoka Amerika ya Kusini na kubainika Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake hula akiwa ndani ya jani, kwa hiyo dawa ya kugusa tu haimpati. Minya majani hayo mapema, na usiache matunda yaliyotobolewa yakioza chini. Kitaluni, chandarua cha zamani humzuia nondo huyo. Nzi weupe hupenya matundu yake bila shida, na ndio wanaoleta ugonjwa wa majani kujikunja ambao wengi wanauita rasta. Kwao unahitaji wavu wenye matundu madogo zaidi.

Ukiniuliza mimi, nyanya pwani wakati wa kaskazi ni kujitafutia kesi. Hata bila mdudu, joto la mchana na usiku hudhoofisha chavua, maua yakapukutika. Nyanya na kabichi nazingojea baridi ya Juni. Kiangazi napanda bamia, matembele, na mchicha ambao kwa wiki tatu au nne unakuwa tayari.

Jirani aling'oa mistari miwili, akapanda bamia. Vidukari vikaja, kama kawaida, lakini safari hii aliwaona mapema kwa kufuata chungu waliokuwa wanapanda shina. Akavikamua kwa vidole, akasuuza kwa maji ya sabuni. Bamia huvunwa kila baada ya siku mbili, ukichelewa inakuwa kamba. Basi kila akienda kuvuna anageuza majani mawili matatu.